Tathmini ya mtambo wa leza na chembe kwa kupima maji yanayozunguka viputo vikubwa

Kiputo cha hewa kinachojaza karibu upana wote wa bomba lililosimama wima huitwa kiputo cha Taylor, na anayetaka kununua mtambo wa kuyapima maji yanayokizunguka hana budi kuelewa kwanza ugumu wa kazi yenyewe. Katika bomba letu lenye kipenyo cha milimita 25, kiputo hupanda ndani ya maji yaliyotulia kwa takriban sentimita 17 kwa sekunde, kama inavyotabiriwa na kanuni inayojulikana tangu kazi za Dumitrescu mwaka 1943 na za Davies na Taylor mwaka 1950. Maji yanayokipisha hayana njia ila kushuka kama utando mwembamba kati yake na ukuta wa bomba, na utando huo ukifikia unene wa milimita moja, hesabu ya ujazo huonyesha kuwa yanashuka kwa karibu mita moja kwa sekunde.

Mtambo wetu una leza ya kijani yenye mipigo miwili, lenzi inayoutandaza mwale uwe bapa kama karatasi, kamera, na programu inayofuatilia jinsi chembe ndogo zilizotiwa ndani ya maji zilivyosogea kati ya picha mbili. Muuzaji husifu zaidi nguvu ya leza, lakini kwangu thamani ya mtambo iko katika chembe zilizotiwa rodamini, rangi inayong'aa inapomulikwa, na kichujio kinachoambatana nazo. Uso wa kiputo huakisi nuru kama kioo, na tulipotumia chembe za kawaida mng'ao huo uliufunika utando wote. Chembe za rodamini hupokea nuru ya kijani na kutoa ya rangi ya chungwa. Kichujio kikizuia ile ya kijani, ukingo wa kiputo hujitokeza. Anayetaka kubana matumizi asibane hapa.

Mbele ya pua ya kiputo vipimo ni safi kabisa. Nyuma ya mkia, ambako maji huvurugika na kujizungusha, ilitubidi kupima viputo vingi ili kupata wastani wa kuaminika, jambo ambalo si kosa la mtambo.

Udhaifu uko kwenye utando. Programu inakubali muda mmoja tu kati ya mipigo miwili ya leza, na muda unaofaa pua ni mrefu mno kwa maji yanayoshuka kwa kasi mara tano au zaidi, hivyo kila jaribio tulilifanya mara mbili. Tena, programu haiutambui mpaka wa hewa; ilichora mishale ya kasi hata ndani ya kiputo, mpaka tulipoweka taa nyuma ya bomba ili kupata kivuli cha kiputo. Kasha la mraba la kujazwa maji, linalopunguza kupinda kwa nuru kwenye ukuta wa duara, halimo katika kifurushi, nami naliona kuwa pengo kubwa, kwa sababu bila kasha hilo hata mahali pa utando hupimwa vibaya.

Kwa ajili ya pua na mkia ningeununua tena. Kwa ajili ya utando, ningedai kwanza picha za majaribio zilizopigwa ndani ya bomba la duara lenye kiputo halisi, si zile za mfereji wenye kuta bapa tulizoonyeshwa kabla ya kulipa.