Diski ya Mobi-C shingoni mwangu: inachofanya na isichofanya

Nimewekewa diski bandia aina ya Mobi-C kati ya pingili ya tano na ya sita za shingo, baada ya diski ya asili, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili, kupasuka na kubana neva, nikawa na maumivu makali kutoka begani hadi kwenye kidole gumba. Nimeridhika nayo, ingawa si kwa sababu ambazo wengi huzitarajia.

Maumivu ya mkono hayakuondolewa na kipandikizi. Yaliisha kwa sababu daktari, akipitia mbele ya shingo, aliitoa diski iliyoharibika pamoja na vijifupa vilivyoota pembeni, neva ikapata nafasi. Hata kama angeziunganisha pingili hizo mbili zikawa mfupa mmoja, nafuu hiyo ningeipata. Kazi ya diski bandia huanza baada ya hapo. Mobi-C, iliyobuniwa Ufaransa na kuidhinishwa Marekani mwaka 2013, ina mabamba mawili ya aloi ya kobalti na kromiamu yenye meno madogo ya kushika mfupa, na katikati yake kuna kipande cha plastiki ya poliethilini kinachoteleza na kuzunguka kidogo, kikifuata mwendo wa shingo.

Leo natoa salamu ya mwisho wa swala kuume na kushoto bila kugeuza mabega, na ninashukuru sana. Hata hivyo, takriban nusu ya mgeuko wa kichwa hutoka kwenye pingili mbili za juu kabisa, ambazo upasuaji huu hauzigusi, kwa hiyo hata mtu aliyeunganishwa pingili mahali pamoja tu hugeuka vizuri. Kilichoniamulia ni jambo jingine: kiungo kinapogandishwa, viungo vya juu na chini yake hubeba mwendo ambao chenyewe hakifanyi tena, na mimi nina miaka mingi ya kazi mbele yangu, hivyo nilitaka diski hizo jirani zilindwe kadiri inavyowezekana.

Siku za mwanzo kumeza kulikuwa kugumu na sauti ilikwaruza, kwa kuwa umio na koo husogezwa kando ili daktari aufikie uti wa mgongo. Hayo yalipita. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba mfupa unaweza kuota kukizunguka kipandikizi na kukizuia kusogea, pengine bila mgonjwa kuhisi lolote. Tena si kila shingo inafaa: mwenye mifupa iliyodhoofika, viungo vya nyuma vya pingili vilivyochakaa sana, au pingili zinazoteleza kutoka mahali pake, kwa kawaida hushauriwa njia nyingine, na ningemtilia shaka daktari anayeahidi diski hii kabla ya kuvipima vyote hivyo.

Kila ninaporudi kliniki naomba eksirei mbili za ubavuni, moja nikiwa nimeinama na nyingine nikiwa nimeangalia juu, kwa sababu picha ya mtu aliyesimama wima pekee haiwezi kuonyesha kama diski bado inasogea au imeganda.