Programu ya ramani za bahari kwenye simu: nimeingia nayo mlango wa Kilifi

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za ratiba ya maji tu.

Nililipia mwaka mzima kabla ya kutoka Mtwapa kwenda Kilifi mwezi wa Oktoba. Mashua ya futi 22, mashine moja, mimi na ami yangu, ambaye amevua pwani hii tangu zama watu wanavuka Kilifi kwa feri. Ramani nilizishusha nyumbani, kwa hiyo mtandao ulipopotea sikuhangaika.

Huko nje hakuna neno. Upepo wa kusi ulishalegea na mkondo ukitusukuma kaskazini. Kazi iko mlangoni, mwamba huku na mwamba huku.

Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, kwetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi alasiri. Ukingoja yajae kabisa, mwamba umeshafunikwa, na kwa kuwa unaingia ukielekea bara, jua lote liko machoni. Tukapanga tufike saa saba: jua utosini, mawimbi bado yanavunjikia mwambani unayaona, na maji yanapanda, hivyo tukikwama yatatuinua yenyewe. Hapo programu ilinifaa kweli. Nyakati zake na za ami hazikupishana hata robo saa, naye hesabu zake ni za mwezi wa angani.

Tulipoanza kuingia, simu ikatuweka juu ya jiwe. Chini yetu buluu imeiva, na chubwi ya ami, ile risasi ya kupimia kina, imeshuka pima nne haijagusa kitu. Nikaikuza ramani, nikaikuza tena. Upuuzi mtupu! Ramani nyingi za huku zimetokana na vipimo vya kale, kabla ya setilaiti, na zinaweza kuachana na GPS kwa makumi ya mita. Ukiikuza, kosa nalo linakua. Waliotengeneza wangeweka onyo kubwa hapo, si maandishi madogo ya kukubali masharti.

Kisha simu ikazimika kwa joto. Palepale mlangoni.

"Itie mfukoni, mwanangu," ami akasema. "Tazama mbele."

Mbele kulikuwa na zile alama mbili za ufukweni. Zikisimama moja nyuma ya nyingine, uko njiani. Ya mbele ikichomoza kushoto, nawe unakwenda kushoto mpaka zishikane tena. Tukaingia hivyo, taratibu, ami omoni, mbele ya mashua, akionyesha kwa mkono.

Niliwaandikia wenye programu kuhusu lile jiwe. Nimejibiwa na mashine, mara mbili.

Jambo jingine: miwani ya kukata mng'ao inakuonyesha mwamba vizuri mno, lakini ukiinamia simu kioo kinaweza kuonekana cheusi tititi. Mwenye kushika usukani avae miwani, simu ashike mwingine, tena kivulini.