Taa tisa, swichi moja: ununue nini bila kupasua ukuta

Sebule yangu ina taa tisa na swichi moja mlangoni. Ukiibonyeza zinawaka zote: za katikati ya dari, za ukutani juu ya kochi, na zile ndogo zinazomulika meza ya chakula. Jioni mtu akitaka kutazama televisheni ana mawili tu, mwanga wa ukumbi wa harusi au giza totoro. Fundi umeme alinieleza bila kuficha: kuzigawa kwa waya ni kupasua ukuta kutoka mlangoni hadi darini, kupiga plasta upya, kisha kupaka rangi. Nikaahirisha. Tangu hapo nimejaribu njia tano, nazo nazipanga hapa kuanzia ninayoipendekeza kwa moyo wote.

Kabla hujatoa pesa, elewa jambo moja. Taa zilizo kwenye waya mmoja haziwezi kutenganishwa na swichi yoyote ya ukutani, hata iwe ghali namna gani. Umeme ukishavuka pale mlangoni, unazifikia zote. Kwa hiyo kugawa makundi lazima kufanyike kwenye taa yenyewe, swichi ibaki kutoa amri tu. Wengi hununua swichi janja (inayoongozwa kwa simu) kwanza, wakaifunga, ndipo wanagundua kwamba taa bado zinawaka pamoja kama zamani.

1. Balbu janja za Zigbee na swichi isiyo na waya

Hii ndiyo ninayoishi nayo. Unatoa balbu za zamani, unaweka janja zinazowasiliana kwa Zigbee, yaani mawimbi ya redio ya masafa mafupi, kisha unabandika kando ya mlango swichi ndogo ya betri kwa gundi ya pande mbili. Makundi unayapanga kwenye programu ya simu: kitufe cha kwanza kochi, cha pili meza, cha tatu dari. Ukibadilisha mpangilio wa fanicha mwezi ujao, unabadilisha makundi ukiwa umekaa.

Kinachoipa nafasi ya kwanza ni namna amri inavyosafiri. Swichi hutuma ujumbe mmoja kwa kundi zima, balbu zikaupokea kwa pamoja na kuwaka kwa pamoja. Pia kila balbu hupokezana ujumbe na jirani yake, hivyo kona ya mbali haisahauliki. Intaneti ikikatika, kitufe kinaendelea kufanya kazi.

Ila soma maelezo ya swichi kwa makini. Nyingi za bei nafuu huongoza kundi moja tu, vitufe vilivyobaki ni vya kupunguza na kuongeza mwanga. Ya Philips Hue, kwa mfano, huweza kuongoza hadi balbu 10 bila kitovu (kifaa kidogo kinachounganisha balbu, swichi na simu), lakini zote ni kundi moja. Ukitaka makundi matatu, nunua swichi tatu za namna hiyo, au kitovu pamoja na swichi ya vitufe vinne inayokubali kila kitufe kipangiwe kundi lake.

Swichi ya zamani ya ukutani lazima ikae imewashwa saa zote. Mgeni akiizima, balbu zinakufa na vitufe vyako havina kazi. Mimi nimeifunika kwa kifuniko cha plastiki, na swichi mpya nimeibandika juu yake, mahali pale pale mkono unapozoea kwenda. Halafu ingia kwenye mipangilio uamuru balbu zirudi katika hali ziliyokuwa nayo umeme unapokatika. Usipofanya hivyo, umeme ukirudi saa tisa za usiku nyumba nzima inawaka. Na ikiwa ukutani kuna dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, iondoe kwanza, kwa sababu balbu janja na dima haziivi chungu kimoja.

Kuhusu umeme: balbu janja iliyozimwa bado inasikiliza, na hula hadi nusu wati. Kwa balbu tisa ni takriban uniti 40 kwa mwaka kwa kiwango hicho cha juu.

2. Vipokezi darini na swichi isiyotumia betri

Hapa taa zako za kawaida zinabaki. Fundi anazima umeme kwenye swichi kuu, anafungua kava la taa na kuweka kipokezi kidogo kati ya waya na taa. Swichi yake haina betri wala waya: nguvu ya kidole chako ndiyo inayozalisha umeme wa kutuma mawimbi. Ina mlio mzito, tak!, na inahitaji kubonyezwa kwa nguvu kidogo, jambo ambalo mama yangu mwenye vidole vinavyouma hakulipenda. Aina nyingi hazipunguzi mwanga. Na kava likiwa la chuma, waya mwembamba wa antena uachwe nje, la sivyo mawimbi hayafiki. Kama taa zako zina balbu zisizobadilishika, njia hii inapanda kuwa ya kwanza.

3. Plagi za rimoti

Kwa taa za mezani na za stendi, usihangaike na kingine. Chomeka, bonyeza, basi.

4. Relei nyuma ya swichi

Relei ni swichi ndogo ya kielektroniki inayofichwa ndani ya boksi la swichi ya ukutani. Ni nzuri pale tu ambapo kila kundi tayari lina waya wake. Nyingi huhitaji waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ndani ya boksi la swichi, na nyumba nyingi za zamani hazina. Zile zisizohitaji nyutro huweza kuzifanya taa za LED zitoe mwanga hafifu hata zikiwa zimezimwa.

5. Balbu za Wi-Fi, kila moja kivyake

Nilianza nazo kwa sababu hazihitaji kitovu. Siku nilipobadilisha nenosiri la ruta nilipanda ngazi kusajili upya balbu moja baada ya nyingine. Zilikuwa zikiwaka kwa kupishana, na nyingi hutegemea seva za kampuni. Kwa balbu moja au mbili zinatosha, kwa makundi hapana.

Ukishachagua, angalia holda zako ni za kuzungusha, E27, au za pini, B22. Anza na balbu mbili na swichi moja, balbu moja uiweke kwenye taa iliyo mbali kabisa na mlango, uitumie wiki nzima kabla ya kununua zilizobaki.