Orodha ya shule imefika: wapi ununue kwanza, wapi mwisho, na nini ukikague kwa mikono yako

Mwaka jana fomu ya maelekezo ya mwanangu aliyechaguliwa kidato cha kwanza, bweni, ilikuwa na kurasa 4, na kurasa 2 nzima zilikuwa za vifaa. Kaunta buku 12 za kwaya 3 (kwaya ni kipimo cha wingi wa karatasi), zikavwe kwa karatasi ya kaki na nailoni juu yake. Rimu 2 za A4, nyeupe, gramu 80. Godoro la futi 2 na nusu kwa 6, unene inchi 4. Tranka la bati lenye sehemu mbili za kufuli. Shuka 2 za bluu bahari, zisiwe na maua. Sweta la damu ya mzee, yaani maruni. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba. Jembe lenye mpini na fagio la chelewa. Mdogo wake wa darasa la tatu, shule ya kulipia, naye akaja na yake: penseli 24 za HB zikiwa zimeshachongwa, rangi za nta za kampuni iliyotajwa kwa jina, tishu rola 12.

Wiki ile nililala vibaya. Nilinunua kwa haraka, nikanunua vibaya, na vitu vitatu nikavirudia. Mwaka huu nimefanya tofauti na hela iliyobaki imelipa nauli ya kwenda shule na kurudi. Ninayoandika hapa ni kwa wazazi wa Dar es Salaam zaidi, ila wa Mwanza, Mbeya au Arusha ataona soko lake ndani yake.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Chukua kalamu, pitia orodha, na kila kitu ukiwekee alama kulingana na sababu yake ya kuandikwa vile.

Vipo vilivyotajwa kwa kipimo. Hivyo fuata kama vilivyo. Godoro la futi 3 ni zuri kwa mtoto, lakini kitanda cha bweni ni cha mbili na nusu na halitaingia. Kwaya 3 zimetajwa kwa sababu mwalimu anataka somo likae kwenye daftari moja mwaka mzima.

Vipo vilivyotajwa kwa rangi. Fuata pia, na hapo chini nitaeleza kwa nini uende na uzi mkononi.

Vipo vilivyotajwa kwa jina la kampuni. Hapo ndipo wazazi tunapoumia bure. Mpigie mwalimu wa darasa, kwa adabu, umuulize: "Mwalimu, samahani, hizi rangi ni lazima ziwe za kampuni hii, au zozote 24 za nta zinafaa?" Nilipouliza mimi, mwalimu alijibu kwamba walitaja kampuni ile kwa sababu mwaka uliopita watoto walileta rangi zinazokatika. Alichotaka ni rangi isiyokatika. Nilipata nyingine imara kwa karibu nusu ya bei.

Mwisho ni vile ambavyo si vya mtoto wako bali vya shule nzima: rimu, tishu, ndoo, fagio. Kwa shule za umma, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne. Sare, madaftari, kalamu na vifaa vya kulalia vilibaki kwa mzazi. Kwa hiyo ukiona rimu 6 kwa mtoto mmoja una haki ya kuuliza, na uulize ukiwa na wazazi wenzako wawili watatu. Usimtume mtoto akaulize. Mtoto ndiye atakayekaa na jibu darasani.

Kisha fungua kabati. Kaunta buku ya mwaka jana iliyoandikwa kurasa 40 bado ina daftari zima ndani yake, na mkebe wa hesabu ukikosa bikari tu, bikari inauzwa peke yake. Mimi nilipata penseli 17 kwenye droo ya jikoni.

Nafasi ya kwanza: soko la Kariakoo, wazazi wanne au watano kwa pamoja

Hakuna inayoshinda hii. Bei ya dazeni na ya moja moja ni vitu viwili tofauti kabisa, na hakuna mtoto mmoja anayehitaji dazeni 3 za soksi nyeupe. Watoto watano wanazihitaji. Sisi tulikuwa wanne, tukapeana kazi kwenye grupu: mmoja akajumlisha orodha zote, mmoja akashika hela, wawili tukaenda. Madaftari, kalamu, soksi, karatasi za kaki, nailoni ya kukava, shuka, neti na ndoo, vyote vilipatikana ndani ya asubuhi moja.

Nenda katikati ya wiki na ufike mapema. Panda basi la mwendokasi mpaka Gerezani, tembea. Hela iwe kwenye simu au ndani ya nguo, isiwe kwenye mkoba wa begani, maana Mtaa wa Kongo mwezi wa Januari watu wanapita bega kwa bega na vibaka wanajua msimu kuliko sisi. Uliza bei maduka matatu kabla ya kununua la kwanza. Usinunue kwa anayekushika mkono.

Ubaya wake ni mmoja: kurudisha kitu ni safari nyingine, na muuzaji wa jumla mara nyingi harudishi. Kwa hiyo kagua palepale, kabla kamba haijafungwa.

Nafasi ya pili: fundi na mtumba, kwa vitu vyenye mwili

Namaanisha viatu, tranka, sketi na suruali. Hapa mtumba na fundi wanashinda duka jipya mara nyingi, na ningeviweka nafasi ya kwanza kama orodha ingekuwa ya sare peke yake.

Viatu vya mwanangu nilivipata soko la mitumba la Karume, ngozi halisi, na soli ilikuwa imegundishwa tu. Nikampelekea fundi viatu wa mtaani akaishona kuzunguka kote kwa uzi mnene, akavipiga dawa nyeusi. Mwaka umeisha, viatu vipo. Jozi mpya ya plastiki inayong'aa niliyomnunulia mwaka wa kabla ilipasuka kwenye mkunjo wa vidole kabla ya likizo ya Juni. Ukishika kiatu, kikunje. Ngozi inatoa mikunjo midogo midogo na kurudi. Plastiki inabaki na mstari mmoja mweupe, na hapo ndipo itakapokatika. Kipime jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na acha nafasi ya unene wa dole gumba mbele.

Tranka nenda kwa mafundi bati wa Gerezani. Waulize bati ni geji ngapi. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Bonyeza kifuniko katikati kwa kiganja. Kikibonyea na kutoa mlio, basi siku watoto wawili watakapokalia tranka wakisubiri basi, kitaingia ndani. Angalia pia bawaba zimefungwa kwa ribiti, si kwa gundi wala msumari mwembamba.

Nafasi ya tatu: stesheneri ya mtaani

Ghali kidogo, lakini mwenye duka anakujua. Akikuuzia kaunta buku yenye kurasa zilizoruka, unarudi jioni na anabadilisha. Nunua hapa vitu vichache vya ghafla, na kile ambacho mwalimu atakiongeza wiki ya pili, maana ataongeza. Ukimwonyesha orodha nzima mapema Desemba na kumwambia utanunua vyote kwake, atapunguza.

Supamaketi sina mengi ya kusema. Safi, bei imeandikwa, hakuna kupatana. Nenda kama huna muda kabisa.

Nafasi ya nne: kifurushi cha shule

Baadhi ya shule za kulipia zinakuambia ulipe kiasi fulani, mtoto akute kila kitu darasani. Mzazi anayefanya kazi zamu za usiku, au aliye mkoani, namwelewa akilipa. Ila omba mchanganuo wa kitu kimoja kimoja kwa maandishi kabla ya kulipa. Nilipoomba niligundua nalipia mkebe wa hesabu wa pili kwa mtoto ambaye mkebe wake ulikuwa mzima. Wakakubali kuutoa, bila ugomvi.

Sweta lenye nembo na tai ya shule ni jambo jingine. Hivyo nunua shuleni tu. Nimejaribu njia ya pembeni na nimejuta.

Nafasi ya mwisho: nje ya geti, siku ya kufungua

Wanaopanga ndoo na mafagio nje ya geti la shule wanatafuta riziki, sina neno nao. Lakini pale umeshika mtoto mkono mmoja na tranka mkono mwingine, basi limeshaondoka, na mwalimu wa zamu anapekua mizigo. Huwezi kupatana bei katika hali hiyo. Pale nunua fagio la chelewa na jembe tu, kwa sababu kuvibeba ndani ya basi kutoka Ubungo au Mbezi ni mateso.

Vitu vitatu vya kukagua kwa mikono yako

Cha kwanza ni kaunta buku. Kwaya 1 ni karatasi 24. Kwa hiyo kwaya 2 ni karatasi 48 au 96? Hapa ndipo wengi tunachanganywa. Karatasi kubwa ya kwaya hukunjwa katikati, kila moja ikatoa majani 2. Kwaya 2 inakuwa majani 96, yaani kurasa 192. Kwaya 3 ni kurasa 288, na kwaya 4 ni 384. Usiangalie unene, kwa sababu karatasi nzito hunenepesha daftari lenye kurasa chache. Tafuta idadi ya kurasa kwenye jalada, halafu gawanya bei. Tuseme kwaya 2 inauzwa 3,000 na kwaya 3 inauzwa 4,000: ya kwanza kila ukurasa ni karibu shilingi 16, ya pili karibu 14. Kwenye masomo ya maandishi mengi kama historia na biolojia, kwaya 3 inakulipa. Kisha lifungue katikati kabisa na ulivute kidogo. Ukisikia gundi inalia, liache. Mwisho andika jina lako ukurasa wa nyuma kwa kalamu ya wino, geuza, uone kama wino umepenya.

Cha pili ni rimu. Mwaka jana nilinunua mbili kwenye duka moja ambalo sitalitaja, kwa bei iliyonifurahisha. Shuleni wakahesabu, zote zilikuwa pungufu. Aibu ile ilinikaa. Sasa natumia mizani. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na rimu ni karatasi 500. Ukipiga hesabu ya gramu 80, rimu kamili lazima ikaribie kilo 2 na nusu. Ya gramu 70 ni karibu kilo 2.2. Mwaka huu nilipita na rimu zangu kwa Mangi, mwenye duka wa pale kona, akaondoa sukari, akaziweka moja moja. Ya kwanza ikasoma 2.49. Ya pili 2.5. Ya tatu, iliyoandikwa gramu 80 kwa herufi kubwa, ikasoma 2.17. Nikarudi nayo siku ileile ikiwa bado imefungwa, nikabadilishiwa. Ukishaichana ganda, huna kesi.

Cha tatu ni rangi ya sweta na shuka. Damu ya mzee ipo inayokaribia nyekundu na ipo inayokaribia zambarau, na taa za dukani zinazifanya zote zifanane. Picha ya simu ndiyo inadanganya zaidi. Mimi nilimwomba binti wa jirani, anayesoma shule hiyohiyo, anikatie uzi kidogo kwenye mshono wa ndani wa sweta lake la zamani, na mwingine kwenye pindo la shuka lake. Kila uzi urefu wa kidole. Nilizizungushia kidole, nikatoka na kila shuka na kila soksi ya rangi hadi juani, nikalaza juu yake uzi unaohusika. Ukipotea machoni, rangi ndiyo hiyo. Sweta lenyewe nililolinunua pembeni mwaka jana lilirudishwa getini, na mtoto akakaa wiki mbili za baridi bila sweta akisubiri nitume jingine. Bado linaniuma.

Lini ununue

Madaftari na kalamu nunua Novemba, kabla majina ya kidato cha kwanza hayajatoka, kwa sababu hata ukijua shule baadaye, kwaya 3 ni kwaya 3. Godoro, tranka, shuka na kila chenye rangi subiri fomu ya shule yenyewe. Penseli za kuchongwa usilipie mtu. Tulizichonga wenyewe mezani, mimi na yule mdogo, Jumapili jioni, tukazifunga kumi kumi kwa mpira wa nywele. Nne zilizobaki akaziweka kwenye mkebe.

Jina liandike kila mahali: ndani ya kiatu chini ya ulimi, kwenye pindo la shuka kwa uzi, kwenye mpini wa jembe kwa msumari wa moto, kama umelibeba kutoka nyumbani. Kwenye tranka tumia rangi ya mafuta, na liandike pia upande wa ndani wa kifuniko, kwa sababu wa nje unaweza kupakwa rangi nyingine. Kisha piga picha ya kila kitu kikiwa kimepangwa juu ya kitanda, ubaki nayo kwenye simu. Likizo ya Juni akirudi na shuka moja, utajua ni ipi ya kuuliza kwa matroni.