Baiskeli Ireland 2020: kilomita 2 au 5?
Usiku wa 27 Machi 2020 Ireland iliwataka watu wakae nyumbani kwa sababu ya korona. Mazoezi, kama kuendesha baiskeli, yaliruhusiwa ndani ya kilomita 2 tu kutoka nyumbani. Kuanzia 5 Mei zikawa 5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini piga hesabu: duara la kwanza lina kilomita za mraba 12.6 hivi, la pili 78.5, zaidi ya mara 6.

Ndani ya 2 unazunguka kona zilezile, breki, gia, breki, mpaka mbwa wa jirani anakuzoea. Ila ukipata pancha, unaikokota baiskeli hadi nyumbani. Ndani ya 5 miguu inapata moto kweli, na anayekaa pembezoni mwa mji anafika mashambani. Mimi ningechukua 5, na viraka na pampu mkononi, nisije nikamwita mtu kunisaidia wakati wa korona.