Kadi za maneno ya sayansi: nimezipenda, ila zina pengo

Kisanduku hiki nilikinunua duka la vifaa vya shule huku Langoni, shilingi 850, kwa ajili ya mwanangu wa gredi ya sita. Maneno ya sayansi alikuwa akiyakariri kama namba za simu, mtihani ukipita yanapita nayo. Kadi ziko 72. Kila moja ina kipande cha neno, na nyuma maana yake, karibu zote kwa Kigiriki au Kilatini. Mtoto anaunganisha vipande.

Na kweli anaunganisha. Foto ni nuru, sinthesisi ni kuweka pamoja. Nikamwambia, haya, sema usanisinuru polepole, uone nuru iko wapi. Tangu siku hiyo hajaikosea. Kiboko nacho, kumbe Wagiriki walimwita farasi wa mtoni! Jioni nzima ikaishia hapo, tukibishana ni nani huyo aliyemtazama kiboko akaona farasi.

Kadi ya oksijeni ndiyo iliyonikera. Imeandikwa "mzaa asidi", basi. Mtoto akaja jikoni kaziba pua, hataki kupumua asidi. Ikabidi nitafute mwenyewe: Lavoisier, Mfaransa wa karne ya 18, alidhani hakuna asidi isiyo na oksijeni, akaipa jina hilo. Alikosea. Asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe, lakini jina lilishashika. Kisa kitamu hivyo, wao wamekiruka!

Pengo lenyewe ni Kiarabu. Kadi nzima ya Kiarabu ni moja, alkali, yaani jivu la mimea. Sasa hii si Lamu? Kadi ya sayari inaeleza kwamba Wagiriki waliziita watangaji, kwa kuwa zilionekana zikihama kati ya nyota zilizotulia. Mwanangu akaniuliza, "Mama, sayari na sayyara si ndugu?" Chuoni kafundishwa sayyara ni gari. Ni ndugu haswa, mzizi ni ule ule wa kwenda. Neno la Kiswahili limebeba wazo lile lile la Mgiriki, na aliyetunga kadi hakuliona. Hata jina la Waingereza la pepo za kaskazi na kusi, monsoon, limetokana na mausim ya Kiarabu, ndiyo msimu wetu huu unaotajwa gatini kila siku. Halimo.

Karatasi ni nyembamba. Unyevu wa huku umezikunja pembe kabla ya wiki mbili, nikazifunika kwa selotepu.

Dada yangu wa Matondoni nitamnunulia chake, ila nitampa na makatoni ya biskuti. Mwanangu anakata kadi zake humo: sayari, msimu, sifuri. Ya sifuri nyuma hakuandika kitu. Kwa Kiarabu ni "tupu", anasema, kwa hiyo ameshamaliza.