Sila ya pevingi: nililipia mng'ao, nimepata maziwa

Kama pevingi zako, yale matofali ya zege ya kutandika uani, ziko juani na hakuna gari linalovuja mafuta juu yake, usizipige sila, ile dawa ya kupaka juu kuzilinda. Hela hiyo nunua vumbi la mawe ujazie nafasi za katikati. Ningeishia hapo, ila nina hasira.

Duka la vifaa vya ujenzi lilinipa fundi wao, hapa Mikocheni, Dar es Salaam, siku chache kabla ya masika. Ua ni mita za mraba 60. Jamaa akaja saa saba mchana na ndoo moja ya lita 20. Sila ya akriliki, ile ya kung'aa, lita moja hufunika mita za mraba 4 hadi 5 kwa koti moja. Makoti mawili mepesi ni lita 24 mpaka 30. Sasa koti la pili lilikuwa litoke wapi? Nikapata jibu alipoinamisha ndoo, akamwaga dimbwi katikati ya ua na kulisukuma kwa rola kama mtu anayepiga deki. Na pevingi zenyewe wakati ule ukikanyaga peku unaruka.

Hazikupita dakika kumi, vikatoka vilengelenge kama punje za mtama. Joto linakausha sila juu kabla ya chini, thina iliyonaswa inageuka mvuke, na hewa iliyomo kwenye vitundu vya zege nayo inatanuka ikitafuta pa kutokea. Nikamwonyesha. "Bosi, hilo ni jasho la dawa, litakauka." Jasho la dawa! Limekauka kweli, ua umebaki na upele.

Mvua zilipoanza ndipo maziwa yakaja: mabaka meupe chini ya mng'ao, hayatoki kwa brashi wala sabuni. Zege lina chokaa inayoyeyuka kwenye maji. Unyevu ukipanda kutoka chini unaibeba, ikikutana na hewa inakuwa unga mweupe. Pevingi isiyo na sila unga huo unauosha, na mvua kadhaa humaliza kazi. Ukishaufunika kwa akriliki umeufungia kabatini. Na huku kwetu maji hayako mbali chini ya ardhi, kila mchimba shimo la choo wa Mikocheni anajua.

Kupima unyevu hakuhitaji mashine. Chukua nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, bandika kingo zote kwa tepu, acha mpaka kesho yake. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, lakini nailoni inayotandikwa chini ya zege bado inauzwa kwa mita.) Ukikuta matone au pevingi imekuwa nyeusi, hapajakauka. Fundi wangu alipuliza vumbi kwa mdomo, akasema pamekauka.

Na pevingi mpya usiziguse kabla ya siku 28, heri hata miezi miwili mitatu zitoe chumvi yake, yaani ule unga mweupe. Weupe ukigoma, sehemu moja ya asidi ya hidrokloriki kwenye sehemu kumi na tano za maji. Asidi ndiyo inayomwagwa kwenye maji, usigeuze. Suuza mara mbili, subiri siku mbili za jua.

Haya, nimesema usipige. Lakini nikiwa mkweli, kuna sehemu mbili inalipa: pale gari linapolala, kwa sababu mafuta ya injini yakishazama kwenye zege hayatoki kirahisi, na chini ya mwembe, ambako maembe na majani huacha madoa. Hapo tafuta sila inayozama, ile isiyong'aa wala kuacha ngozi juu. Mvuke wa chini unapita, na mvua ikinyesha watoto hawatelezi. Akriliki ikilowa ni sabuni, labda uchanganye na unga wa mchanga wa kuzuia utelezi. Ipigwe kuanzia saa kumi jioni, pevingi zikianza kupoa, maana zikipoa zinavuta dawa ndani. Asubuhi wanayoisifu mafundi, pevingi bado ina unyevu wa usiku, halafu jua likipanda hewa inatoka na vilengelenge vinarudi.

Kwa hiyo kosa si la sila? Kwa kiasi fulani, si lake. Kosa ni la ndoo moja saa saba mchana. Ila na duka lililomtuma lilijua ua una mita ngapi, niliwaandikia kwenye karatasi.

Akriliki ya thina hutibika: unapaka zailini, aina ya thina kali, kidogo kwa rola, inalainika, unyevu unatoka, inashika upya. Isipotii, inabanduliwa yote. Nimewaambia dukani wamlete jamaa na zailini yake, jioni. Salio lake liko mfukoni kwangu.